Pilau Bila Wapiga Kura

Siku yangu ya kwanza ya udiwani niliingia ukumbini na sare ya udereva wa basi. Zamu yangu ilikwisha saa kumi na mbili jioni, kikao kilianza saa moja, na kwenda nyumbani kubadilisha nguo kusingewezekana bila kuchelewa. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza kama nimekuja kuchukua wageni. Nikamwambia nimekuja kuwa diwani. Akacheka, nami nikacheka, kisha akatazama orodha yake na kunionyesha ngazi.

Udiwani wenyewe sikuutegemea. Kata yetu, huku kaskazini mwa London upande wa Edmonton, ina viti vitatu, na chama kilikuwa na wagombea wawili wa uhakika. Wa tatu alitakiwa tu ili jina lijaze karatasi ya kura. Nikachukuliwa mimi, Musa wa Tanga, dereva anayejulikana kwa kupita mtaani kila siku na kusubiri vikongwe wanaokimbilia basi. Vijana wengi hawajui kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kupiga kura na hata kugombea. Mimi pia sikujua, mpaka fomu ilipoletwa nikiwa nakunywa chai kwenye gereji ya mabasi. Nikasaini nikidhani ni mzaha. Mwaka ule watu walikuwa wameudhika na wale waliokuwepo, wakatuchagua sote watatu.

Nilikikalia kiti hicho miaka ishirini, vipindi vitano. Sasa vijana wetu kadhaa wanaofikiria kugombea wameniomba niwaandikie kazi ile ilivyokuwa. Mke wangu, Zubeda, amenikubalia niandike kwa sharti moja: niseme na habari ya arobaini ya mama yake. La sivyo ninyamaze. Nimekubali, maana kosa lile nililifanya mimi, kabla ya uchaguzi wangu wa tano, na hakuna jambo jingine katika kazi yangu linalonikaa kooni kama hilo.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mnadhimu. Huyo ni mtu wa chama anayehakikisha madiwani wake wanafika vikaoni na wanapiga kura upande mmoja. Wetu alikuwa mzee wa Kiayalandi, fundi bomba mstaafu, mikono mikubwa kama makasia. Alinishika bega usiku uleule wa kwanza.

“Humu ndani una kazi mbili,” alisema. “Kufika, na kuinua mkono.”

“Na nyingine?”

“Nyingine zote ziko milangoni kwa watu. Ukianza kupenda viti vya humu, umekwisha.”

Nilimshukuru. Hakujua alikuwa anampa ruhusa mtu ambaye tangu kuzaliwa hawezi kutulia. Zubeda ananiita kiguu na njia, na hakosei. Kwenye vikao nilikuwa nikichezesha goti mpaka meza inatikisika, na Karani wa kikao akawa ananitazama juu ya miwani.

Kazi ya diwani, niwaambie mapema, si kuamua. Ni kusumbua. Jumamosi mbili kila mwezi tulikaa kwenye chumba cha maktaba tukisikiliza watu: ukuta una unyevu na mtoto anakohoa, pipa la taka halijachukuliwa, mtoto amenyimwa shule ya karibu. Kila shida inaitwa kesi. Unaiandika, unampelekea afisa husika, unangoja jibu, jibu likija halina maana unamwandikia tena, na tena, mpaka afisa aone ni nafuu kuitengeneza kuliko kukujibu. Mimi nilikuwa nikienda mwenyewe kuangalia. Nimegusa kuta za watu wengi kwa kiganja changu. Afisa mmoja wa nyumba aliwahi kuniambia, “Bwana Diwani, ungeniamini tu nikisema pamekauka.” Nikamjibu nitaamini nikirudi na kiganja kikavu.

Halafu kuna uchaguzi, kila miaka minne, na kabla yake ndiyo kugonga milango. Unatembea na orodha ya mtaa mzima, na kila mlango unapewa alama: wetu, wao, hajaamua, hayupo. Ushindi haupatikani kwa hotuba, unapatikana kwa alama hizo, kwa sababu siku ya kura unawarudia wale wenye alama ya wetu peke yao na kuwakumbusha watoke. Wazoefu walinifundisha nisikubali chai nyumba ya kwanza, kwani sitafika ya pili. Sikuweza. Mtu akikukaribisha kwake utakataaje? Sheria ya hapa haimkatazi mpiga kura kumpa mgombea chai. Inamkataza mgombea kumpa mpiga kura. Nilijua hilo kwa juujuu, kama mtu anavyojua kuna papa baharini.

Uchaguzi wa pili nilishinda kwa sababu ya mapipa ya taka. Wa tatu nusura nianguke kwa sababu ya maegesho ya magari, jambo ambalo watu wa hapa wanalikasirikia kuliko kodi. Baada ya wa nne nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya mipango miji, ile inayoamua nani ajenge nini na wapi. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha basi. Kiongozi wa Baraza, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti, aliniita ofisini kwake.

“Musa, unatembea sana. Mwenyekiti hukaa.”

“Najitahidi, Kiongozi.”

“Hujitahidi. Umesimama hata sasa.”

Kweli nilikuwa nimesimama, na kiti kipo.

Sasa nifike kwa mama mkwe. Bi Mwanahamisi alikuja London binti yetu Rehema akiwa na miezi minne, aje amlee ili Zubeda arudi kwenye kazi yake ya uuguzi. Ilikuwa aje kwa muda, akabaki. Kiingereza chake hakikuzidi salamu na shukrani, lakini mtaa mzima ulimjua. Nyuma ya nyumba alipanda mchicha kwenye ndoo kuukuu za rangi. Siku moja jirani yetu wa ukuta mmoja, Miss Verna, Mjamaika, mjane, mtu wa kanisa, aliuona mchicha ule juu ya uzio akapiga kelele ya furaha, kwani kwao wanayo mboga hiyohiyo na wanaipika karibu kama sisi.

Tangu hapo wakawa marafiki. Walikaa pamoja nyuma ya nyumba, mmoja akisema Kiswahili cha Tanga, mwingine Kiingereza cha kwao, na kila mmoja akiitikia mahali panapostahili. Niliwahi kumuuliza Mama wanazungumza nini.

“Mambo ya watu wazima,” alinijibu, nami wakati huo nina mvi.

Mama alifariki mwezi wa tatu, mwaka wa uchaguzi wangu wa tano. Zubeda alikuwa zamu hospitali. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha baraza. Aliyekuwa amemshika mkono ni Miss Verna. Siku zote za matanga alikuwa jikoni kwetu tangu asubuhi, kilemba kichwani, akiosha vikombe. Wanawake wa Kitanzania waliokuja kutoka pembe zote za London walimkuta keshajua kila kijiko kinakaa wapi, na wao ndio waliomuuliza yeye. Si yeye tu. Mtaa mzima ulikuja: Wasomali wa mkabala, mzee wa Kituruki mwenye duka la nyama, yule Mwingereza wa kona ambaye hasalimii mtu. Kila mmoja alileta chakula, ili nyumba yenye msiba isiwashe moto.

Nikiwa bado na majonzi nikahesabu siku. Arobaini ingeangukia Jumamosi. Kura ilikuwa Alhamisi inayofuata.

Wakala wetu wa uchaguzi ndiye aliyegundua tatizo kabla yangu. Wakala ni mtu anayeibeba kampeni mbele ya sheria. Yeye ndiye anayesaini, na mambo yakiharibika anaulizwa yeye pamoja na mgombea. Wetu alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, mfupi, penseli haitoki sikioni. Mimi nilimwita Mwalimu. Alikuja nyumbani na karatasi zake za kusaini.

“Hiyo shughuli ya mkweo itakuwa lini?”

“Jumamosi ijayo.”

“Watu watakula?”

“Ni arobaini, Mwalimu. Tunasoma hitima, tunamwombea marehemu, kisha watu wanakula pilau.”

“Watu gani?”

“Wote.”

Akaitoa penseli sikioni. “Musa, sheria inamkataza mgombea kuwalisha wapiga kura kwa nia ya kuwavuta. Najua nia yako si hiyo, na jaji naye huenda akaelewa. Lakini jaji huja mwisho. Kwanza huja picha kwenye simu za watu: diwani, sufuria, na foleni ya wapiga kura wake.”

Sikuweza kumbishia. Hata kule nyumbani Tanzania tulishavutana sana juu ya takrima, hii ni ukarimu au hii ni hongo, mpaka mahakamani. Nikamuuliza nifanye nini.

“Sogezeni mbele wiki moja. Au fanyeni na jamaa zenu tu, kimyakimya.”

Nilimpelekea Zubeda maneno hayo. Alikuwa amerudi kutoka Rayners Lane, kwenye duka la kando ya stesheni la bibi mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Tanga, ambako Mama alikuwa akinunua viungo vyake na kuzungumza Kiswahili mpaka abiria wote wa treni ya saa tisa wapite. Alikuwa anamimina iliki na bizari nzima kwenye makopo, na hakugeuka.

“Baba Rehema, arobaini ni arobaini. Mama hakufa kwa ratiba ya chama chako.”

Basi hapo niliogopa, na niseme wazi niliogopa nini. Wapinzani wetu walikuwa wanatukaribia. Kazi ya kuendesha basi nilishaiacha. Bila udiwani nilijiona mzee wa kukaa dirishani akihesabu magari ya watu. Kupoteza kiti kwa sababu ya mapipa ningevumilia. Kupoteza kiti na jina kwa sababu ya sahani ya pilau, la.

Ndipo akili yangu ya kamati ikafanya kazi. Nikakodi ukumbi mdogo Stratford, mbali kabisa na kata yetu. Siku itabaki ileile, Zubeda atapata arobaini yake, na tutawaita wale tu wasiopiga kura kwetu. Sheria imeheshimiwa, marehemu ameheshimiwa. Nilijiona mjanja.

Asubuhi ya Jumapili nikakaa mezani na vitu viwili. Kimoja ni daftari la shule ambalo Zubeda alikuwa ameandika majina ya wageni kwa mwandiko wake wa mviringo. Kingine ni daftari la wapiga kura wa kata, lenye kila jina na namba yake, ambalo mgombea hupewa kwa ajili ya kampeni. Nikachukua rula. Jina la mgeni likionekana kwenye daftari la wapiga kura, nalipiga mstari. Wasomali wa mkabala, mstari. Mzee wa nyama, mstari. Yule wa kona, mstari. Kazi ilikwenda haraka, na naona aibu kusema kwamba kwa muda nilifurahia wepesi wake.

Zubeda akasimama nyuma yangu.

“Unafanya nini?”

“Naangalia nani anapiga kura kwetu.”

“Mama alikuwa na wapiga kura?”

Nikasogeza rula kwenye jina linalofuata. Rehema, aliyekuja kutusalimu siku hiyo, akainama juu ya meza akaona rula imefika wapi. Huyu Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza kama wenzake waliozaliwa hapa.

“But it's Miss Verna, Dad.”

“Najua ni nani. Ana namba.”

Nikapiga mstari. Zubeda alichukua daftari lake lilivyo, akalifunga, akaenda nalo jikoni. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Siku ya Alhamisi Miss Verna aliniita kwenye uzio. Alitaka kujua Jumamosi aanze kusaidia saa ngapi, na kama apike wali wao wa maharage na nazi, maana Zubeda anaupenda. Ningeweza kumweleza sheria. Mtu mzima yule angenielewa. Lakini Mwalimu alikuwa ametuonya tusizungumze habari za chakula na mpiga kura yeyote, nami nikajificha nyuma ya onyo hilo.

“Safari hii ni familia tu, Miss Verna.”

Alinitazama. “Familia,” akasema.

“Ndiyo.”

“Sawa, Diwani.”

Miaka yote alikuwa akiniita Musa.

Arobaini ya Bi Mwanahamisi ikasomwa Stratford, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na tangazo la mazoezi ya viungo ukutani. Waliokuja walikuwa watu wema, lakini nusu yao hawakuwahi kumwona Mama. Shehe alisoma vizuri. Pilau ikabaki. Kwa desturi yetu pilau ya arobaini haibaki, hupelekwa kwa majirani, na majirani ndio hao niliowafuta. Zubeda aliifungasha kwenye vyombo akawagawia watu wa jengo lile wasiotujua. Mmoja alimuuliza ni sherehe ya nini. Nilimsikia mke wangu akijibu, “Ni chakula tu.”

Siku ya kura nilikaa nje ya kituo. Kila chama huweka mtu pale, ua la kitambaa lenye rangi ya chama kifuani, anawaomba wapiga kura namba zao ili chama kijue nani keshapiga. Miss Verna alikuja saa nne, kofia ya kanisani kichwani. Alinipa namba yake kama abiria anayempa kondakta tiketi, akapita. Nikaipiga mstari namba ile, mara ya pili katika siku chache.

Kura zilihesabiwa Ijumaa asubuhi kwenye ukumbi wa michezo. Karatasi humwagwa mezani, hupangwa mafungu, na mawakala husimama wakikodoa macho bila kuruhusiwa kugusa. Nilizunguka ukumbi ule mpaka msimamizi akaniomba nikae. Zikahesabiwa, zikarudiwa. Nilishinda kwa kura tisa. Mwalimu akanikumbatia, penseli ikanichoma shavuni. Nikarudi nyumbani nikamkuta Zubeda anapiga pasi sare yake.

“Nimeshinda,” nikasema.

“Hongera. Umemshinda nani?”

Miaka minne iliyofuata sikupumzika. Watu walinisifu. Mwenyekiti gani huyu, walisema, yuko kila mahali! Hawakujua nakimbia nini. Nilihakikisha taa ya mbele ya mlango wa Miss Verna haizimiki hata siku moja. Nilimwombea vishikio vya ngazi za mlangoni alipoanza kuumwa goti, nikamfuata afisa mpaka vikawekwa. Kila mara alinitumia kadi ya shukrani kupitia posta, kutoka nyumba ya pili tu, ikianza na neno Diwani. Kwangu hakuingia tena. Zubeda alikwenda kwake mara chache, wakakaa jikoni, lakini alikuwa akirudi mapema na macho mekundu. Hakuweza kumweleza sababu bila kuniumbua mimi, na hakutaka kuniumbua. Kwa hiyo urafiki wao nao ukawa unachechemea kwa ajili yangu.

Mwaka huu sikugombea tena. Waliniaga kwa hotuba na picha yenye fremu. Jumatatu ya kwanza ya kustaafu niliamka, nikavaa koti, nikafika kona, nikagundua sina pa kwenda. Nikaona shimo kwenye lami nikalipiga picha, kisha nikakumbuka si langu tena. Zubeda, naye kastaafu, alinitazama nikiingia na kutoka siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliweka daftari lake la shule mezani. Alikuwa amelitunza, na mistari yangu imo.

“Sasa hugombei kitu,” alisema. “Jumapili napika pilau ya Mama. Kawakaribishe hawa uliowafuta. Mlango kwa mlango. Kazi unaijua.”

Vijana wangu, kama mmesoma kutafuta siri za kushinda, hizi hapa, chukueni. Fika kwenye vikao. Andika kila kesi. Gusa ukuta kwa kiganja. Msikilizeni wakala wenu, kwani Mwalimu alikuwa sahihi: sheria ile ni nzuri, inamlinda maskini asinunuliwe kwa sahani. Lakini alinipa njia mbili za heshima, kusogeza siku au kubaki jamaa peke yetu, na hata hizo ningemweleza jirani yangu waziwazi zingepita. Mimi nikachagua ya tatu, ya rula. Ningeshindwa kwa kura tisa ningekuwa nimelia wiki mbili. Badala yake nimeumia miaka minne.

Nikaenda. Niligonga milango ileile niliyoigonga miaka ishirini, na kila aliyefungua alitazama mikono yangu kutafuta karatasi.

“Kuna uchaguzi?” aliniuliza yule wa kona.

“Hapana. Kuna chakula.”

Wengi walikubali mara moja. Mzee wa nyama akasema nyama italetwa na yeye, na nisithubutu kubisha. Mlango wa Miss Verna niliuacha wa mwisho. Alifungua kidogo, mnyororo wa mlango bado umefungwa, nikaona jicho moja na nusu ya mdomo.

“Diwani.”

“Si diwani tena, Miss Verna. Nimekuja kuomba msamaha. Ile arobaini ya Mama haikuwa ya familia tu. Nilikuangalia kwenye daftari la wapiga kura, nikakufuta. Niliogopa nikikulisha watasema nimenunua kura yako.”

Kisha akatoa mnyororo akafungua mlango wote.

“Mimi nilidhani ni kwa sababu ya dini yangu,” alisema. “Miaka minne nimekaa na jambo hilo. Nikasema, rafiki yangu yule hajapata hata kuniuliza naamini nini, leo kafa, watu wake wamekumbuka kwamba mimi ni Mkristo.”

Sikuwahi kuliwaza hilo. Hata mara moja halikunipitia akilini, nami ndiye niliyekuwa nikigusa kuta za watu.

“Kumbe ilikuwa kura,” akasema.

“Ilikuwa kura.”

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kile kishikio cha ngazi nilichomwekea.

“Mtu wewe! Sijakupigia kura hata siku moja. Zote tano nimewapa wale wengine. Mume wangu alikuwa chama chao, nami sikuona sababu ya kuhama. Niliyempenda nyumbani kwenu ni mama yenu.”

Miaka ishirini orodha zangu zilimwandika wetu, kwa sababu kila nikigonga alinipa maji ya tangawizi.

“Hiyo shughuli ni lini?” aliuliza, akijifuta macho.

“Jumapili, saa saba mchana.”

“Jumapili natoka kanisani saa saba na nusu.”

“Tutakusubiri.”

“Wewe usinisubiri. Zubeda anisubiri.” Akafunga mlango.

Jumapili nyumba ilijaa mpaka ngazini. Hitima ilikuwa imekwisha saa saba, nyama ya mzee wa Kituruki imeiva, harufu imewafikia hata wapita njia. Zubeda akakataza sufuria kufunuliwa. Watu walishika sahani tupu na hakuna aliyeuliza. Nilijaribu kusimama karibu na mlango niwasalimu wanaoingia, kama nilivyozoea, Rehema akanishika mkono akaniketisha kwenye mkeka. Nikakaa. Goti langu lilikuwa linacheza. Robo saa ikapita, ikapita nyingine, mpaka tukasikia hodi.

Niliruka. Zubeda alikuwa amekwishanipita, upawa mkononi.

“Kaa chini, Baba Rehema,” alisema. “Huyu si mgeni wako.”